Mashine ya Mapigo Yenye Stika Nyekundu

Pale chuo cha ufundi, chumba cha vipimo kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Mama Stika. Jina lake halisi lilikuwa kwenye barua ya ajira na kwenye kitambulisho, basi. Wengine wote, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkuu wa idara, walimwita hivyo kwa sababu kazi yake iliishia kwenye stika. Akipima chombo akakikuta sawa, anakibandika ya kijani. Akikikuta kimepotoka, nyekundu, na chombo kinakwenda rafu ya chini kungoja kutupwa. Alikuwa amebandika kwa miaka ishirini na minane, na hakuna aliyewahi kumwona akibandua. Mwenyewe alilijua jina lile na alilipenda, ingawa alijifanya halipendi.

Jumatatu hiyo alikuwa amepiga magoti mbele ya rafu ya chini, bisibisi mkononi. Mkuu wa idara alitaka rafu iwe tupu kabla ya Alhamisi, kwa kuwa kompyuta mpya zilikuwa zinakuja na hazikuwa na pa kukaa. Utaratibu ulikuwa kwamba kila chombo kilichokataliwa kifunguliwe, vipuri vizima vitolewe, mabaki yaende kwa vyuma chakavu. Alishafungua mita mbili za umeme na kuzimaliza. Cha tatu kilikuwa mashine ya mapigo, na alipoiona alitamani mtu mwingine aifungue.

Kama hujawahi kuiona mashine ya mapigo, usijilaumu. Watu wamezaliwa, wakaoa, wakazikwa bila kuiona. Ni sanduku la chuma lenye vitufe vya kuzungusha usoni, zito kama nusu mfuko wa saruji, na kazi yake ni moja tu, kutoa mapigo ya umeme yaliyo sawasawa. Unaiagiza mapigo elfu moja kwa sekunde, kila pigo volti tano, nayo inakupa, bila kuchoka na bila kuuliza yanakwenda wapi. Mafundi huyatumia mapigo hayo kuvijaribu vyombo vingine. Kwa hiyo yenyewe ikidanganya, imeviambukiza vyote. Hii ya rafu ya chini ilikuwa na umri mkubwa kuliko walimu wengi wa chuo, na vitufe vyake vilikuwa vimelainika kwa vidole vya watu ambao wengine walikwisha kufa.

Lakini si uzee wake uliomfanya Mama Stika aiogope. Mashine hii ndiyo iliyomtenga na mdogo wake.

Mdogo wake huyo, waliyenyonya ziwa moja, alikuwa fundi wa matengenezo chumba cha pili kutoka chake. Mama Stika ndiye aliyemfundisha kushika pasi ya risasi, ile ya kuunganishia waya, akiwa na miaka kumi na mitano, ndiye aliyemwombea kazi, ndiye aliyemkanya asiongee na wakubwa huku anatafuna. Wenzake walimwita Koili, kwa kuwa transfoma ikiungua, wengine husema itupwe, yeye huivua waya na kuisuka upya kwa mkono. Mashine ya mapigo ilipokufa, na vipuri vyake vikawa havitengenezwi tena popote duniani, Koili aliichukua. Miezi minne aliishi nayo. Alipokuwa anaisuka transfoma alihesabu mizunguko kwa kuhamisha punje za maharage kutoka kikombe kimoja hadi kingine, na ole wake aliyemsemesha akiwa katikati. Mkuu wa idara akaahidi kwamba mashine ikipita vipimo, Koili atakuwa fundi mkuu wa matengenezo.

Siku ya kupima walikuja mkuu mwenyewe na wageni wawili wa bodi, wamevaa tai. Mama Stika aliunga waya, akaiweka mashine kwenye volti tano, akatazama skrini. Ilisoma kumi. Akasema kumi, kwa sauti ileile ambayo angeisemea mashine ya mtu baki. Koili aliitazama meza, akamtazama dada yake usoni.

"Dada, pima tena."

"Nikishapima, nimepima."

Akabandika nyekundu. Koili hakubisha. Alikunja aproni yake, na mwezi ulipokwisha akaacha kazi. Chuo kizima kikamsifu Mama Stika, kwamba huyu ndiye mpimaji, hata ndugu yake hakumpendelea. Walimu walimtolea mfano darasani. Yeye akawa anasema kwamba kipimo hakina ndugu, na alilisema mara nyingi hata likaanza kumchosha mwenyewe.

Toka siku hiyo, miaka sita, ndugu hawa hawakusemezana. Mama yao alikuwa ndiye posta. Koili alimtembelea mama Jumamosi, Mama Stika akaja Jumapili, na bibi wa watu akawa anapokea ujumbe huku anapeleka kule: mwambie binti yako paa linavuja, mwambie mwanao fundi wa paa ni yeye. Kwenye msiba wa mjomba wao walikaa ncha mbili za benchi moja, na katikati wakaachiwa watu wanane wawatenganishe.

Haya basi. Mama Stika aliinyanyua mashine kwa nguvu zote mbili za mikono na moja ya mgongo, akaiweka mezani. Alikuwa na tabia yake kwamba hafungui mashine kabla ya kuiwasha, hata ile inayokwenda kutupwa. Aliichomeka umeme, akaiacha dakika ishirini ipate joto. Harufu ya vumbi linaloungua ikajaa chumbani. Kisha akaunga waya kwenye osiloskopu yake, chombo kinachochora mapigo kwenye skrini, ile ya mezani kwake ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, akazungusha kitufe mpaka volti tano.

Mapigo yalijipanga kwenye skrini ya kijani kama meno ya kitana. Urefu wake ulikuwa volti tano.

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti, akaivaa. Tano. Akabadilisha waya. Tano. Akashusha hadi tatu, ikasoma tatu. Akashusha hadi mbili, ikasoma mbili. Akaizima, akasimama dirishani akiwatazama wanafunzi wa uchomeleaji wakigombea kinyago kimoja cha kukinga macho, akarudi, akaiwasha. Tano, imenyooka, haitikisiki.

Sasa, mtu anaweza kuugua akapona kwa kulala, lakini mashine haiponi kwa kukaa kwenye rafu. Mama Stika alijua hivyo kuliko mtu yeyote pale chuoni. Akalitafuta daftari la vipimo la mwaka ule, akalipuliza vumbi, akaukuta mwandiko wake mwenyewe, mzuri, umelala upande wa kulia: *Volti kumi penye tano. Imekataliwa.* Kando kulikuwa na safu ya chombo kilichotumika kupimia. Hakikuwa chake. Kilikuwa namba kumi na nne, osiloskopu ya maabara ya wanafunzi. Ndipo akakumbuka kwamba mwezi ule yake ilikuwa imepelekwa kutengenezwa, naye akaazima.

Hapo ilibidi akae.

Iko hivi. Mashine ya mapigo husema kweli pale tu mwisho wa waya unapokuwa na mzigo, yaani kizuizi cha umeme, wa omu hamsini. Mzigo usipokuwepo, kila kitu husomeka maradufu, tano ikawa kumi. Osiloskopu ya Mama Stika ilikuwa na mzigo huo ndani kwa ndani. Aliuwasha siku ya kwanza, akausahau kwa miaka yote. Ya wanafunzi haikuwa nao. Hiyo lazima uichomekee kidude cha chuma, kikubwa kama pingili ya kidole, ambacho mafundi wa pale walikiita kizibo. Ni somo la wiki ya kwanza. Mama Stika alikuwa amelifundisha kwa mamia ya watoto wa watu, na juu ya meza yake, ukutani, kulikuwa na kibao alichokiandika kwa mkono wake: UMEWEKA KIZIBO? Kinyozi hajinyoi. Mkono wake ulikuwa umedekezwa na chombo chake, siku ulipokwenda ugenini haukujua adabu za kule.

Akaenda maabara ya wanafunzi, akaiazima tena namba kumi na nne, akaileta kwa kitoroli. Bila kizibo, kumi. Na kizibo, tano. Akakitoa, akakirudisha, akakitoa, kama mtu anayebonyeza jino bovu ili ahakikishe kwamba bado linauma.

Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Halafu, nyuma ya aibu, ikaja hofu, maana alihesabu upesi kilichokuwa mezani. Hakuna aliyejua. Bisibisi ilikuwa pale. Kwa nusu saa mashine ingekuwa vipande, transfoma ingekuwa shaba ya kuuzwa kwa kilo, na jina la Mama Stika lingebaki safi kwa miaka miwili iliyobaki hadi kustaafu. Mdogo wake alikwisha kuzoea. Yeye mwenyewe alikwisha kuzoea. Tusimhukumu sana, ni nani kati yetu hajawahi kuishika bisibisi ya namna hiyo?

Alifungua skrubu ya kwanza. Akafungua ya pili. Alipofungua ya nne na kukiondoa kifuniko, aliiona transfoma. Waya ulikuwa umelala safu kwa safu, hakuna uliopanda juu ya mwenzake, umefungwa kwa uzi mweupe uliopakwa nta. Chini ya uzi kulikuwa na kikaratasi kidogo chenye mwandiko wa Koili: *Mizunguko 412. Nimehesabu mara tatu.*

Mama Stika alikisoma kikaratasi kile, akakirudisha kifuniko, akakaza skrubu zote nne.

Jioni alipitia kwa mama yake, ingawa haikuwa Jumapili. Bibi alikuwa anaanua nguo kambani. Mama Stika alimsimulia yote, alipofika mwisho akasema, "Sasa Mama, Jumamosi akija, mwambie hivi..."

"Simwambii."

"Mama?"

"Miaka sita nimebeba maneno yenu, ya gesi, ya paa, ya dawa zangu za presha. Nimebeba kama punda na sijalalamika. Huu mzigo siubebi. Huu uupeleke kwa miguu yako."

"Atanifukuza."

"Akufukuze. Kwani mtu anafukuzwa kabla hajafika?" Bibi alimtupia ncha moja ya shuka wakunje pamoja. "Muungwana akivuliwa nguo huchutama, mwanangu. Shika vizuri, unaburuza chini."

Asubuhi ya Jumanne Mama Stika alimfuata mkuu wa idara kabla hajafungua hata kompyuta yake. Mkuu alimsikiliza huku akitazama saa, kisha akashusha pumzi.

"Mama, haya ni mambo ya miaka sita. Mwenyewe alishaondoka, ana shughuli zake. Tukianza kufukua, bodi itauliza kila cheti cha vipimo tulichotoa mwezi ule. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Nimelifunika miaka sita bila kujua. Sasa najua, siwezi."

"Utajiharibia jina bure."

"Jina lenyewe nililipata kwa mgongo wake," alisema Mama Stika. "Na vyeti vya mwezi ule nimeshavipitia. Mashine ya mapigo ilikuwa hii moja tu, vingine ni mita na betri, havihitaji kizibo. Orodha hii hapa."

Mkuu alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa Alhamisi tu. Mama Stika akalifungua daftari mbele yake, akaandika kwa kalamu ya wino chini ya mwandiko wake wa zamani: *Mpimaji hakuweka kizibo. Kosa ni la mpimaji. Fundi aliitengeneza mashine sawasawa.* Akaandika jina lote la mdogo wake, na la baba yao, na lake mwenyewe. Mkuu akalisoma mara mbili, akatia sahihi, akasema kama anajisemea kwamba karakana ya matengenezo haijapata fundi mkuu wa kueleweka toka wakati huo. Mama Stika alirudi chumbani kwake, akaibandua stika nyekundu kwa ukucha. Iling'ang'ania. Ilimchukua robo saa na spiriti.

Kibanda cha Koili kilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, kati ya fundi viatu na mchonga funguo. Kilikuwa cha mabati ya bluu, na mbele yake redio, feni na pasi zimepangwa chini kama wagonjwa wa hospitali wanaongoja kuitwa. Mama Stika alijua kilipo. Kwa miaka sita alikuwa akizunguka mtaa wa mbali ili asipite hapo. Alikuta watu wawili wamesimama, na kwa kuwa hakujua la kufanya, akapanga foleni. Mbele yake alikuwa baba mmoja mwenye feni ya meza.

Akiwa kwenye foleni alimtazama mdogo wake aliyeinamia redio iliyopasuliwa tumbo. Alikuwa amevaa miwani. Tangu lini anavaa miwani? Ndevu zilikuwa na mvi kidevuni, upande mmoja tu. Haya hayakuwa yamepita posta, mama hakuwahi kuyataja, na sasa Mama Stika aliyaona yote kwa mara moja.

Mwenye redio akalipa, akaondoka. Koili aliinua kichwa kuita anayefuata, akamwona. Pasi ya risasi ilibaki hewani ikitoa moshi. Kisha malezi yakashinda.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba." Mama Stika alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, yote yakamponyoka. "Ile mashine nimeipima jana. Iko sawa. Ilikuwa sawa siku ile. Nilitumia chombo cha wanafunzi, na siku—"

"Hukuweka kizibo," alisema Koili.

Mwenye feni aliwatazama wote wawili, akaona ni mambo ya wenyewe, akageukia barabara.

"Ulijua?"

"Nilikuwa nimesimama pale pale, Dada. Niliuona waya unaingia mkavu."

"Na hukusema?"

"Nilisema pima tena." Koili aliiweka pasi kwenye kishikio chake. "Nisemeje zaidi? Wageni wa bodi wamesimama na tai zao, mkuu yupo, niropoke kwamba Mama Stika kasahau kizibo? Ungebaki na nini? Nikasema nikimwambia apime tena, ataangalia, ataona mwenyewe, atakichomeka, yataisha."

"Lakini baadaye. Kesho yake. Mwaka wa pili. Hata kwa Mama."

Koili alivua miwani akaishika. "Siku ile ilikuwa heshima. Iliyobaki yote ilikuwa hasira, sikudanganyi. Niliapa sisemi mpaka apime mwenyewe. Kila Jumamosi namuuliza Mama, dada amesema nini, anasema, amesema gesi imekwisha."

Mama Stika alitaka kucheka, badala yake machozi yakatoka. Hakuyafuta. "Sikuja kukurudisha kazini," alisema. "Hilo utajua na mkuu wako, ana maneno. Mimi nimekuja kukuomba msamaha. Nilikunyang'anya kazi yako, halafu nikasifiwa kwa hilo, na nikazipenda sifa. Nisamehe, mdogo wangu."

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Kwa kalamu ya wino?"

"Kwa wino. Mkuu ametia sahihi. Jina lako liko lote, na la baba."

Koili akageuka, akavuta droo, akaanza kutafuta humo kitu ambacho hakikuwemo. Alitafuta kwa muda mrefu. Mabega yake yalipanda yakashuka, na Mama Stika, aliyemjua toka alipokuwa anabebwa mgongoni, akatazama pembeni mpaka yakatulia.

"Iko wapi sasa?" Koili aliuliza, bado amempa mgongo.

"Mezani kwangu. Nimeiacha inawaka, nilitaka nione kama itashika tano mpaka mchana."

Koili aligeuka kama aliyechomwa sindano. "Umeiacha inawaka peke yake? Dada, zile kapasita nilizikuta zimezeeka, sikupata za kubadilisha. Zinaweza kupasuka. Nani yuko chumbani?"

"Hakuna mtu. Nimefunga na ufunguo."

"Hakuna mtu," alirudia Koili, akitikisa kichwa. "Miaka ishirini na minane kazini. Twende."

Alikwisha kuchomoa pasi ukutani. Mwenye feni akauliza, na feni yangu je, akajibiwa kesho asubuhi, ya kwanza kabisa. Koili alirarua ubavu wa boksi, akachukua kalamu nene, akaandika akiwa ameinama juu ya goti. Akavuta mlango wa bati, akapachika kadibodi kwenye msumari, kisha akachuchumaa kuhangaika na kufuli iliyoshika kutu.

Mama Stika aliisoma. *NIMETOKA NA DADA YANGU. NITARUDI.* Herufi zilikuwa kubwa kiasi cha kusomeka toka ng'ambo ya barabara, na fundi viatu alikwisha kunyoosha shingo. Mama Stika alikuwa bado amesimama mbele ya kadibodi pale Koili alipomshika mkono na kumwambia wavuke, gari halipo.